Sindano au pampu? Mambo ya kupima kabla ya kuchagua njia ya insulini

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza swali hili. Mara ni mama mwenye mtoto wa miaka sita aliyegundulika majuzi na kisukari aina ya kwanza, mara ni kijana aliyeambiwa na shangazi yake aliye Uingereza, "Huku hatujichomi tena, tunavaa mashine." Wote wanataka jibu la neno moja, nami sina. Nimejichoma kwa bomba na kichupa tangu darasa la sita, nikahamia kalamu ya insulini, nikavaa pampu karibu miaka mitatu nilipokuwa masomoni Uingereza, na leo niko Tanga natumia kalamu. Kila njia ilinisaidia kwa jambo ambalo nyingine haikuliweza.

Kama una kisukari aina ya pili, na unachoma insulini mara moja usiku pamoja na vidonge, mjadala wa pampu haukuhusu sana. Kalamu au bomba vinatosha. Haya nawaandikia wale ambao kongosho lao limeacha kabisa kutoa insulini, na wazazi wao.

Mizani yangu ina mambo matano: sukari inakaa vipi, nini kinatokea siku mambo yakiharibika, vifaa vinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi, maisha ya kila siku, maana yake joto letu, kazi zetu, bahari na saumu, na mwisho ni kazi ya kichwa ambayo kila njia inadai. Hayo matano hayana uzito sawa. Kwangu mimi la pili na la tatu ndiyo yanayoamua, na ndiyo watu wanayoyauliza mwisho.

Zinavyofanya kazi

Mwili wenye afya hutoa insulini kwa namna mbili. Kuna ile ya msingi, inayotiririka kidogokidogo usiku na mchana hata ukiwa umelala na njaa, na kuna ile inayotoka kwa wingi ukila. Anayejichoma huigiza hayo kwa insulini mbili: ya muda mrefu mara moja au mbili kwa siku, na ya haraka kila mlo. Wengi wetu huku tulianzishwa na ile iliyochanganywa tayari, sehemu 30 ya kufanya kazi mapema na 70 ya kufanya kazi polepole, asubuhi na jioni. Hiyo ni rahisi kufundishwa, lakini inakufunga: ukishachoma asubuhi, chakula cha mchana lazima kiwepo kwa wakati wake, kwa sababu dawa tayari iko kazini.

Kwa asiyewahi kuona: unaviringisha kichupa kati ya viganja hadi ule weupe kama maziwa uchanganyike, bila kukitikisa. Unavuta hewa kiasi cha dozi, unaisukumia ndani, unakigeuza juu chini, unavuta insulini. Unagonga bomba kwa ukucha hadi viputo vipande juu, unavirudisha kwenye kichupa, unavuta tena. Marehemu bibi alikuwa ananishikia taa ya kandili nisome mistari. Kalamu imefuta karibu yote hayo: unazungusha kitufe hadi namba, unabonyeza, unahesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa.

Pampu ina ukubwa wa simu ndogo ya vitufe. Ndani yake kuna hifadhi ya insulini ya haraka peke yake, yuniti 200 hadi 300 kulingana na aina. Mrija mwembamba hutoka hapo hadi kwenye kanula, kijimrija laini kinachoingizwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, na hubadilishwa kila siku 2 au 3. Zipo zisizo na mrija, kama Omnipod, unaibandika mwilini na kuitupa baada ya siku 3. Mashine hudondosha insulini kidogokidogo saa zote. Ukitaka kula, unaingiza kiasi cha wanga na kubonyeza.

Za kisasa huunganishwa na kihisi kilicho chini ya ngozi, ambacho husoma sukari kila baada ya dakika 5, na pampu hupunguza au kuongeza insulini yenyewe. Ya kwanza ya namna hiyo, MiniMed 670G, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Hata hizo bado zinahitaji uziambie kwamba umekula. Wengi wanadhani ukivaa pampu umesahau kisukari. Hapana, umebadilisha tu aina ya kazi.

Sukari inakaa vipi

Utafiti uliobadilisha tiba ya ugonjwa wetu ni ule wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kwa watu 1,441 na matokeo yake kutangazwa mwaka 1993. Waliotibiwa kwa ukaribu, wakipima sukari mara kwa mara na kupokea insulini mara tatu au zaidi kwa siku, walipunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba kundi hilo lilikuwa na wa sindano na wa pampu pamoja. Kilichookoa macho ni sukari kukaa chini, kwa njia yoyote ile.

Mwaka 2017 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti mwingine, REPOSE. Watu wazima walipewa mafunzo yaleyale ya kuhesabu wanga na kupanga dozi, kisha baadhi wakaendelea na sindano na wengine wakavaa pampu. Wote waliboreka, na tofauti kati yao kwenye HbA1c, kipimo cha wastani wa miezi 3, ikawa ndogo mno kuhalalisha kumpa kila mtu pampu. Utafiti huo ulihusu pampu zisizojirekebisha. Zinazojirekebisha zimeonyesha faida kubwa zaidi, ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza iliziidhinisha kwa watu wengi wa aina ya kwanza, na ugawaji ukaanza Aprili 2024.

Pampu inashinda wazi mahali pawili. Pa kwanza ni alfajiri. Wengi wetu sukari hupanda kuanzia kama saa tisa usiku bila kula chochote, kwa sababu homoni za kuuamsha mwili zinaanza kazi. Pampu unaipanga iongeze saa hizo na ipunguze adhuhuri, wakati sindano ya muda mrefu ukishaichoma inafuata mwendo wake. Pa pili ni watoto wadogo. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuhitaji nusu yuniti, na bomba la kawaida la mililita 1 lina mistari ya yuniti mbilimbili. Pampu hutoa sehemu ndogo kabisa ya yuniti.

Sindano nayo haijakaa palepale ilipokuwa zamani. Insulini za kisasa za muda mrefu, kama glargine, huenda karibu saa 24 bila kilele kikali, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Mtu aliyehama kutoka kwenye mchanganyiko wa 30/70 kwenda mpango wa sindano nne kwa siku huona badiliko kubwa kabla hata ya kufikiria mashine. Kama bado uko kwenye mchanganyiko na sukari inayumba, hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuzungumza na daktari wako.

Siku mambo yakiharibika

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Mwaka wangu wa pili na pampu, nilibadilisha kanula saa nne usiku nikiwa na usingizi, nikalala. Saa kumi alfajiri niliamka koo limekauka kama nimekula vumbi. Sukari 24 kwa kipimo cha mmol/L. Pampu ilikuwa inawaka vizuri, inaonyesha dozi zote zimeingia. Nilipobandua plasta ilikuwa imelowa, na ile harufu ya insulini, inayofanana na dawa ya kusafishia vidonda, ikanijaa puani. Kale kamrija kalikuwa kamepinda pale kalipoingilia, na dawa yote ya usiku ilikuwa imeishia kwenye plasta. Kufika saa kumi na mbili nilikuwa natapika.

Kilichoniokoa ni kalamu iliyokuwa kwenye droo na jambo ambalo muuguzi alikuwa amelirudia hadi nikachoka kulisikia: sindano kwanza, pampu baadaye. Nilijichoma insulini ya haraka kwa kalamu, ndipo nikabadilisha kanula, nikapima ketoni, ile asidi ambayo mwili huitengeneza ukikosa insulini, nikapiga simu hospitali.

Sababu yake ni hii. Pampu haina insulini ya muda mrefu. Ikisimama, ndani ya saa chache mwili unabaki mtupu, na asidi ya ketoni hujikusanya haraka. Anayejichoma akisahau dozi ya mlo bado ana ya msingi chini ya ngozi. Atapanda sukari, lakini ana nafasi ya kupumua. Huo ni usalama wa sindano ambao hausifiwi inavyostahili.

Upande wa sukari kushuka, mambo hugeuka. Insulini ya muda mrefu ikishaingia haitoki. Ukicheza mpira jioni kuliko ulivyopanga, inaendelea kushusha sukari usiku. Pampu unaweza kuipunguza au kuisimamisha, na ile yenye kihisi hujisimamisha yenyewe kabla hujashuka. Mimi nilipewa pampu kwa sababu hiyo hasa: nilikuwa nashuka bila kusikia dalili, sitetemeki, sitoki jasho, nazimika tu. Kwa mtu wa hali hiyo, au mzazi anayeamka usiku mara tatu kumpima mtoto, kihisi chenye kengele ni jambo la uhai. Na kihisi kinaweza kutumika na sindano pia, bila pampu. Wengi hawaambiwi hilo.

Gharama, na swali la mwezi wa nne

Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 40 kwa siku anakimaliza kwa siku 25. Mabomba na sindano hupatikana karibu kila duka la dawa la mjini. Kwa watoto na vijana, mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza mwaka 2009 hutoa insulini, sindano na stripu za kupimia sukari bila malipo kwenye kliniki maalumu Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kama mtoto wako hajaandikishwa, ulizia kliniki ya kisukari ya hospitali ya mkoa au kaunti.

Pampu yenyewe ni maelfu ya dola. Bei hiyo ndiyo watu huishangaa, na ndiyo wanayoichangia kwenye kikundi cha familia. Lakini kifaa ni mwanzo tu. Kila siku 3 unahitaji seti mpya ya mrija na kanula, kama 10 kwa mwezi, zaidi ya 120 kwa mwaka, na hifadhi mpya ya insulini. Ukiwa na kihisi, ongeza hicho, maana kila kimoja hudumu wiki moja hadi mbili. Seti za kampuni moja mara nyingi haziingiliani na pampu ya kampuni nyingine.

Nimeona pampu nzuri kabisa zikikaa kabatini, zimefungwa kwenye kitambaa. Ndugu alileta moja kwenye begi, na seti za miezi mitatu. Mwezi wa nne seti zikaisha, na kijana akarudi kwenye bomba, safari hii bila kukumbuka dozi zake za zamani, kwa sababu hakuna aliyemwandikia. Wengine hurefusha: kanula ya siku 3 inavaliwa siku 7, ngozi inakuwa nyekundu, inatunga usaha, sukari haishuki na hawajui kwa nini. Naomba ndugu zetu wa ughaibuni wenye moyo wa kutoa walisikie hili: kabla ya kutuma pampu, hesabu kama utatuma seti kila mwezi kwa miaka minne. Kama huwezi, kihisi na stripu za kutosha vitamsaidia zaidi.

Kwa walio Uingereza hesabu ni nyingine, huduma ya taifa hulipia kifaa na vifaa vyake. Marekani hutegemea bima. Popote ulipo, waulize bima kwa maandishi: mnalipia kifaa tu, au na vya kila mwezi?

Joto, bahari, kazi, Ramadhani

Mtu wa sindano nne kwa siku anajichoma karibu mara 1,460 kwa mwaka. Wa pampu, kanula kama 122. Kwa mtoto anayejificha chini ya kitanda akiona bomba, tofauti hiyo si ndogo. Lakini sindano ukimaliza umemaliza, mwili wako ni wako. Pampu iko nawe usiku na mchana: unalala nayo, unaoga umeichomoa, mrija unanasa kwenye kitasa cha mlango. Mwaka wa kwanza nilikuwa naificha chini ya shati na kutunga hadithi mtu akiuliza. Mwingine huivaa kiunoni peupe na haimsumbui hata kidogo. Jipime tabia yako, hakuna atakayekujua zaidi.

Joto la pwani ni adui wa zote mbili kwa namna tofauti. Insulini isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe. Ikigandishwa imeharibika hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa nyingi hukaa kama wiki 4 kwenye joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30, jambo ambalo Tanga mwezi wa pili si rahisi. Pasipo na friji, chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye maji hupooza vizuri, kichupa kikiwa ndani ya mfuko mkavu. Insulini iliyo kwenye pampu haiwezi kuwekwa chunguni. Inakaa kwenye joto la mwili wako na jua la safari. Na jasho hubandua gundi. Fundi wa ujenzi, mvuvi, mama wa jikoni kwenye mkaa, wataipigania plasta hiyo kila siku.

Baharini, pampu nyingi za mrija huchomolewa, na haipendezi kukaa bila insulini zaidi ya saa moja hivi. Ndege si tatizo, mradi insulini uibebe mkononi, kwani chini kwenye mizigo inaweza kuganda.

Saumu ni suala la daktari kwanza, na wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi mwandamo, kwa sababu aina ya kwanza imo kwenye hatari kubwa. Aliyeruhusiwa, akiwa na pampu, anaweza kupunguza ya msingi alasiri na kuirudisha futari. Mwenye sindano hupangiwa upya dozi ya muda mrefu, na ya futari huwa ngumu kukisia, maana uji, tambi na kaimati haviji kwa kipimo. Njia yoyote, sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, unafungua hapo hapo.

Kazi ya kichwa

Sindano inaweza kuendeshwa kwa dozi za kudumu ukila milo inayofanana. Pampu haikusamehi usipojua kuhesabu wanga: ugali wa sahani hii ni gramu ngapi, chapati mbili ni ngapi, pilau ya harusi je. Mimi nilijifunza kwa mizani ya jikoni na daftari, wiki tatu nzima, kabla ya kukabidhiwa mashine. Ujuzi huo ndio uliobaki nilipoiacha pampu, na ndio unaonifanya leo nisiyumbe na kalamu.

Kulingana na hali yako

Mtoto mdogo sana, dozi za nusu yuniti, na familia yenye kliniki inayozijua pampu na njia ya uhakika ya seti: pampu ina sababu nzuri. Mtoto huyohuyo akiwa kijijini na kliniki mwendo wa siku nzima: kalamu inayopima nusu yuniti, kihisi kikiwezekana, na mpango wa sindano uliofundishwa vizuri kwa mama na kwa mwalimu wa darasa.

Anayeshuka bila dalili, au anayepanda kila alfajiri licha ya kujitahidi, aiulizie pampu kwa nguvu pale inapopatikana. Na kama haipatikani, kihisi na insulini ya kisasa ya muda mrefu. Mjamzito au anayepanga ujauzito ahamie kliniki ya wataalamu mapema, akiwa bado hajashika mimba, kwa sababu malengo ya sukari ni makali zaidi na uamuzi unataka watu wengi mezani.

Anayefanya kazi ya jasho na mikono, anayebadilisha makazi mara kwa mara, au ambaye mwezi mmoja ana fedha na mwingine hana, mimi ningemshauri sindano nne kwa siku bila kusita. Aliye ughaibuni na anafikiri kurudi nyumbani, avae pampu kwa raha zake, lakini kila miezi michache amwombe daktari amwandikie dozi za sindano zinazolingana na pampu yake, karatasi hiyo aihifadhi pamoja na pasipoti.

Na kwa yeyote anayekabidhiwa pampu, awe Dar, Mombasa au Leicester, kabla ya kutia sahihi muulize muuguzi swali hili na usiondoke bila jibu: usiku wa Jumapili kanula ikipinda, nampigia nani, na sindano yangu ya akiba ni yuniti ngapi?